Thamani ya rivolva iliyotumika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Iringa, Mbeya na Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaofika karakana au kupiga simu: wajane, wasimamizi wa mirathi, wenye mashamba ya chai Mufindi, wafanyabiashara wa mpunga wa Mbarali, na vijana wanaotaka kujua kama kitu cha babu ni mali au mzigo. Majibu ni ya fundi. Kwa mambo ya mahakama, tafuta wakili.

Shikamoo fundi. Mzee wetu amefariki, tumekuta bastola ndani ya sanduku lake la nguo. Ina thamani ya shilingi ngapi?

Marahaba, na poleni sana na msiba. Bei tutaifikia. Kwanza iacheni palepale ilipo. Msiifungue, msiijaribu, na msiruhusu shemeji anayejifanya aliwahi kuwa mgambo aizungushe silinda mbele ya watoto. Rivolva inaweza kukaa na risasi ndani miaka mingi na mtu asijue, kwa sababu haina magazini ya kuchomoa ukaona. Ishikeni kichwani kwamba ina risasi mpaka mtu anayejua athibitishe kwa macho.

Fungeni chumba. Mtu mmoja, ikiwezekana anayetarajiwa kuwa msimamizi wa mirathi, aende kituo cha polisi cha wilaya akaonane na OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), akiwa na uthibitisho wa kifo na leseni ya marehemu kama mmeipata. Aombe askari waje kuichukua. Msiibebe wenyewe. Mtu aliyesimamishwa Mafinga na bastola kwenye kikapu, hata kama kweli alikuwa anaipeleka polisi, atatumia siku nzima kujieleza, na huenda zaidi ya siku.

Sheria inayotumika ni ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni hutolewa kwa mtu, haitolewi kwa ukoo. Mzee akishafariki, leseni yake haihamii kwa mtoto wa kwanza kwa sababu tu ni mtoto wa kwanza. Anayeitaka silaha ataomba upya kwa jina lake, aanzie serikali ya mtaa au kijiji, apite polisi na kamati ya ulinzi na usalama, achunguzwe kama mwombaji mwingine yeyote. Wakati huo wote silaha inakaa polisi, na ni vizuri ikae huko. Dai karatasi ya mapokezi yenye aina ya silaha, kaliba (upana wa tundu la mtutu) na namba yake. Karatasi hiyo ndiyo itakayosema baadaye kwamba kitu kilikuwepo.

Haina karatasi yoyote. Thamani yake ni ipi?

Hakuna. Hata kama ni nzuri ajabu.

Nasema hivi kwa sababu kila mwezi kuna mtu anayedhani karatasi ni jambo la pembeni, la kushughulikia mteja akishapatikana. Kwa silaha, mteja halali hawezi kununua kitu kisichokuwa kwenye rejesta, na mteja asiyejali rejesta ni mtu usiyetaka kujuana naye. Serikali imewahi kutangaza vipindi vya msamaha vya kusalimisha kwa hiari silaha zinazomilikiwa kinyume cha sheria. Kikitangazwa kingine, kitumie. Kisipotangazwa, nenda kwanza kwa wakili, halafu polisi.

Kama unahisi mzee alikuwa na leseni lakini haionekani, usikate tamaa haraka. Polisi wana kumbukumbu zao, na silaha nyingi zilipitiwa kwenye uhakiki wa mwaka 2016. Namba ya silaha na jina kamili la marehemu vinatosha kuanza kutafuta.

Mnaposema rivolva mnamaanisha nini hasa?

Bastola yenye silinda inayozunguka, ambayo kwa kawaida inabeba risasi tano, sita au saba. Ile ya magazini ndani ya mpini ni kitu kingine na inakaguliwa kwa njia nyingine. Mtaani zote zinaitwa mguu wa kuku, kwa hiyo ukipiga simu nitakuuliza kwanza kama ina silinda.

Mtandaoni nimeona rivolva ya Kiingereza ya Webley kama yangu inauzwa zaidi ya dola elfu moja. Kwa nini wewe unaniambia bei ya chini hivyo?

Kwa sababu bei hiyo haivuki mpaka wa Tunduma wala wa Kasumulu.

Bei unayoiona kwenye mnada wa Marekani imetengenezwa na watu wa huko. Kuna maelfu ya wakusanyaji wanaoshindania kipande kimoja, risasi za kaliba za zamani bado zinatengenezwa, na kuna vitabu vya bei na wanunuzi wanaoweza kulipa jioni hiyo hiyo. Hapa kwetu wanaoruhusiwa kununua rivolva wanahesabika, na wengi wao wanaitafuta kwa ulinzi. Mkusanyaji anaangalia mwaka na alama, lakini mtu wa ulinzi anauliza maswali mawili tu: inafanya kazi? Risasi zake zinapatikana?

Swali la pili ndilo linaloziangusha Webley nyingi. Webley Mark VI, ile kubwa iliyoanza kutumika katika jeshi la Uingereza mwaka 1915, inatumia risasi ya .455 (kipimo cha inchi). Kuipata risasi hiyo dukani Tanzania, kihalali, kwenye kibali chako, ni kazi. Mnunuzi wa kawaida anaona anauziwa chuma cha kilo moja asichoweza kukilisha. Kwa hiyo rivolva ya .38 Special iliyochakaa kidogo inaweza kuuzika hapa kwa bei nzuri kuliko Webley safi ambayo mkusanyaji wa Marekani angeilalia.

Na kabla hujauliza, hapana, huwezi kuifunga kwenye kifurushi ukamtumia ndugu aliye nje. Kusafirisha silaha nje ya nchi kuna vibali vyake huku, na kuiingiza kule kuna vibali vingine.

Nitajuaje ni ya aina gani? Maandishi yamefifia.

Usiyasugue. Waambie walioishika waiangazie tochi kwa ubavu, mwanga ukitambaa juu ya chuma, na wapige picha. Maandishi yaliyofifia hujitokeza kwenye kivuli. Angalia juu ya mtutu, ubavu wa fremu chini ya nyundo, chini ya mpini, na uso wa nyuma wa silinda.

Katika mikoa yetu, tukiacha zilizonunuliwa miaka ya karibuni, zinazojitokeza mara nyingi ni za kutoka mikono ya Waingereza. Sababu yake iko wazi ukiijua historia ya hapa. Majeshi ya Jenerali Northey wa Uingereza yaliingia kutoka Nyasaland (Malawi ya leo) mwaka 1916, yakapita Tukuyu, na Iringa ikaangukia mikononi mwao mwezi Agosti mwaka huo. Halafu wakaja wachimba dhahabu wa Lupa kule Chunya miaka ya 1920 na 1930, kisha walowezi wa chai na tumbaku. Watu wa namna hiyo walitembea na bastola, na walipoondoka hawakuondoka na kila kitu.

Webley na Enfield, zote za Kiingereza, utazitambua kwa jinsi zinavyofunguka. Zinavunjika katikati, mtutu unainama chini na maganda yanatoka yenyewe. Smith & Wesson na Colt za Kimarekani, nyingi za karne ya 20 silinda inatoka pembeni, upande wa kushoto. Kati ya hizo mbili kuna njia ya haraka: silinda ya Colt inazunguka kufuata mshale wa saa ukiitazama kwa nyuma, ya Smith & Wesson inazunguka kinyume. Smith & Wesson walianza mwaka 1957 kugonga namba ya modeli kwenye fremu, mahali panapoonekana silinda ikiwa imefunguliwa. Kama hakuna namba ya modeli, huenda ni ya kabla ya hapo.

Ukiona herufi V mbele ya namba na chini ya mpini kuna kitanzi cha kamba, basi umeshika Smith & Wesson ya Vita Kuu ya Pili iliyotengenezwa kati ya 1942 na 1945. Hiyo ina maelezo yake kwenye swali la kaliba, na uyasome kabla ya kununua risasi.

Mara nyingine mtu huniletea Enfield ya kaliba .38 akilalamika kwamba nyundo imekatwa ile sehemu ya kuvutia kwa kidole gumba. Haijakatwa. Enfield No. 2 Mk I*, iliyoanza mwaka 1938, ilitengenezwa hivyo makusudi, na inafyatuliwa kwa kuvuta kifyatulio peke yake. Ile nyota ndogo baada ya "Mk I" ndiyo inayokuambia. Kwa mkusanyaji, kuirudishia nyundo ndefu ni kuiharibu.

Hali ya nje inapunguza bei kiasi gani?

Hapa inabidi nikae kidogo, maana ndipo watu wanapodanganywa, na ndipo wengine wanapojidanganya.

Rivolva nyingi zilitoka kiwandani na rangi nyeusi yenye kubluuka. Hiyo siyo rangi ya kupaka, ni ngozi ya chuma chenyewe iliyofanyiwa dawa. Wakusanyaji hukadiria asilimia iliyobaki ya ngozi hiyo ya awali, na bei yao inapanda na kushuka nayo. Ngozi hiyo huanza kuondoka kwenye mdomo wa mtutu na kwenye kingo za silinda, panaposuguana na mfuko. Ukiona kingo zimekuwa za rangi ya fedha lakini mbavu bado zina weusi, huo ni uzee wa haki, uzee wa matumizi, na mnunuzi anayejua haogopi.

Cha kuogopa ni silaha ya zamani inayong'aa kila mahali sawasawa. Chukua miwani ya kukuzia. Angalia kingo za fremu: za kiwandani zina ukali, zilizopigwa msasa zimelainika kama sabuni iliyotumika. Angalia herufi, kama upande mmoja wa herufi umezama na mwingine umefutika, mashine ya kung'arisha imepita hapo. Angalia mashimo ya skrubu, kama ukingo wake umebonyea na kuwa sahani, msasa umepita. Rivolva iliyopakwa upya hivyo inaweza kupoteza nusu ya thamani yake kwa mkusanyaji, au zaidi, hata kama aliyepaka alikuwa fundi hodari. Kwa mnunuzi wa ulinzi haina shida kubwa, isipokuwa ajiulize kilichofichwa chini yake.

Kutu za kwetu zina tabia zake. Tukuyu na Makete, mahali pa mvua na ukungu, kutu huja kama vumbi la kahawia juu juu na mara nyingi haijala chuma. Mbaya kuliko zote ni ya mfuko wa ngozi. Wazee waliamini ngozi inalinda, lakini ngozi hushika unyevu na dawa zilizotumika kuilainisha hula chuma. Nimekwisha kuona silaha iliyolala ndani ya mfuko wake miaka na miaka: upande uliogusa ngozi una vishimo vya kuingiza ncha ya sindano, upande wa pili karibu mpya. Vishimo haviponi. Ukivisugua mpaka viishe, umeondoa chuma na maandishi pamoja.

Angalia pia vichwa vya skrubu. Vikiwa vimechanwa chanwa, kuna mtu aliifungua kwa bisibisi isiyoenea, na mtu wa namna hiyo hakuishia kwenye skrubu.

Mitambo mnaikaguaje?

Haya yanafanywa na mtu mwenye ruhusa ya kuishika silaha, baada ya kuhakikisha matundu yote ya silinda ni matupu, akiwa ameyaangalia mara mbili. Siyo sebuleni.

Kwanza nasikiliza. Navuta nyundo polepole kwa kidole gumba, huku kidole kingine kikigusa silinda kwa uzito mdogo tu, kuizuia kidogo isijirushe. Silaha nzima: silinda inafika mahali pake na ule mlio mdogo wa kufuli unasikika kabla nyundo haijafika mwisho, au sambamba nayo. Iliyochoka: nyundo inafika mwisho, silinda bado haijajifunga, na nikiisukuma kidogo ndipo inasema "tik". Maana yake tundu halijakaa sawa na mtutu wakati wa kufyatua. Risasi itapiga ukingo, vipande vya risasi vitaruka pembeni, na aliyesimama kando ya mpigaji atavipokea. Narudia kwa kila tundu, kwa sababu mara nyingi matano yako sawa na la sita ndilo limechoka.

Halafu natikisa. Nyundo ikiwa imeshuka na kifyatulio kimebanwa nyuma, najaribu kuizungusha silinda kushoto na kulia. Smith & Wesson inaruhusiwa kucheza kidogo. Colt za zamani hazitakiwi kucheza kabisa katika hali hiyo, kwa hiyo Colt inayocheza kama Smith & Wesson ni Colt iliyochoka. Naivuta pia mbele na nyuma.

Baadaye napima nafasi kati ya uso wa silinda na nyuma ya mtutu kwa fila geji, ileile mafundi wa magari wanayopimia valvu. Milimita 0.10 mpaka 0.20 ni nzuri. Ikipita 0.25 naanza kupunguza bei, kwa sababu moto na gesi vinatoka pembeni, na kurekebisha ni kazi ya mtambo na vipuri tusivyokuwa navyo Mbeya.

Jaribio la mwisho ni la usalama. Navuta nyundo mpaka mwisho, kidole mbali na kifyatulio, kisha naisukuma nyundo mbele kwa gumba, kwa nguvu ya kiasi. Ikianguka, mazungumzo ya bei yameisha. Silaha hiyo inaweza kujifyatua ikigongwa, na mara nyingi sababu yake ni mtu aliyepiga tupa ndani ili kifyatulio kiwe chepesi.

Kwa Webley na Enfield ongeza bawaba na kufuli ya juu. Ikifungwa, mtutu na fremu viwe kitu kimoja. Ukisikia hata mlio mdogo wa chuma ukiishika mtutu na kuutikisa, imefunguliwa kwa kishindo mara nyingi, kama wanavyofanya kwenye sinema.

Na ndani ya mtutu?

Tochi nyuma, jicho mbele, silaha ikiwa wazi na tupu. Mifereji iwe na kingo na iwe inang'aa. Giza na vishimo kwenye silaha za zamani mara nyingi si matumizi mengi, ni uvivu wa kusafisha. Viwashio vya risasi za zamani viliacha chumvi inayonyonya unyevu, na mafuta peke yake hayaitoi. Asiyesafisha siku hiyohiyo aliamka na kutu. Mtutu wenye vishimo vichache bado unapiga vizuri. Mtutu wenye uvimbe, yaani pete ya kivuli inayoonekana ndani mahali pamoja, ulipigwa risasi ukiwa umeziba. Huo siuthamini.

Uangalie pia mlango wa mtutu, pale risasi inapoingilia. Ufa wa unywele hapo, na hasa upande wa chini, unafuta bei yote ya matumizi.

Imeandikwa .38 na leseni imeandikwa .38. Basi risasi yoyote ya .38 itafaa, siyo?

Hapana, na swali hili linastahili kubandikwa ukutani.

Kuna .38 mbili zinazochanganywa. Enfield, Webley Mark IV na Smith & Wesson walizopelekewa Waingereza wakati wa vita zinatumia risasi fupi, ganda lake kama milimita 19.7. Risasi ya .38 Special inayopatikana zaidi siku hizi ina ganda la milimita 29.3, jembamba kidogo. Kwenye silaha isiyoguswa haiingii mpaka mwisho, na watu husema "bastola imekataa". Haijakataa, imekuokoa.

Tatizo ni kwamba baada ya vita nyingi za Smith & Wesson hizo zilichimbwa matundu yawe marefu ili zimeze .38 Special na ziuzike. Matundu yakabaki mapana kuliko ganda. Ukipiga, ganda linavimba katikati na wakati mwingine linapasuka. Kwa mkusanyaji silaha hiyo imeharibiwa, na kwa mnunuzi wa ulinzi ni silaha ya mashaka. Alama yake utaiona ukiangaza ndani ya tundu: kuna ngazi ya mduara katikati, pana upande wa nyuma. Ukiagiza ukaguzi, taja kwamba unataka hilo liangaliwe. Wauzaji hawalitaji.

Webley za .455 nazo zilifanyiwa mchezo kama huo, nyingi Marekani: nyuma ya silinda ikanolewa ili ipokee .45 ya bastola za kisasa. Risasi hiyo ina nguvu kuliko ile Webley ilivyojengewa. Kama silinda ni ya namna hiyo, ipewe thamani ya pambo.

Babu alisema bastola yetu ilitoka kwa Wajerumani, vita vya Mkwawa. Hiyo haiongezi bei?

Ikithibitika, huenda ikaongeza sana. Ila wengi wanaonipa habari hii wanakuja na Webley Mark VI. Wahehe waliwapiga Wajerumani Lugalo mwezi Agosti 1891, na Mkwawa alifariki 1898. Bastola iliyoanza kutengenezwa 1915 haikuwepo katika vita ile, hata familia nzima ikiapa.

Rivolva ya jeshi la Ujerumani ya wakati huo inajulikana. Ni ile ya mwaka 1879 yenye mtutu mrefu na ile ya 1883 yenye mtutu mfupi, zote kaliba ya milimita 10.6. Haitoi maganda yenyewe, yanasukumwa moja moja kupitia kijilango cha pembeni. Na ina jambo ambalo ni nadra kwa rivolva: kidude cha usalama ubavuni kushoto. Kwenye chuma pamegongwa alama za kikosi. Ukiwa nayo, na alama hizo zinasomeka, usimwite dalali. Mambo ya kodi na vibali yakikaa sawa, zungumza na watu wa makumbusho. Iringa Boma, jengo la Wajerumani la mwaka 1900, ni mahali pazuri pa kuanzia mazungumzo.

Habari ya babu bila karatasi, barua au picha haiingii kwenye hesabu. Iandikeni kwa ajili ya wajukuu, lakini msiitoze.

Mpini wake ni wa pembe za ndovu. Si ni mali zaidi?

Ni hatari zaidi. Meno ya tembo, hata kipande kidogo cha mpini, ni nyara ya serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Usiibandue ukaiuza peke yake, usiitangaze. Litaje jambo hilo unapotoa taarifa polisi na uliza utaratibu kwa maofisa wa wanyamapori. Mara nyingi, hata hivyo, ikichunguzwa inaonekana ni mfupa au plastiki ya zamani. Ndovu ina mistari inayokatizana kama wavu kwenye sehemu iliyokatwa, mfupa una vitundu vidogo vyeusi.

Niisafishe kwanza kabla ya kuthaminiwa?

Usisafishe. Wala mafuta ya kula, wala Brasso, wala msasa, wala dawa ya kutu ya fundi bomba. Dakika kumi za juhudi za mjomba zimewahi kufuta kitu kilichokuwa na thamani kuliko pikipiki yake.

Boksi, mfuko na karatasi za kiwandani vina maana?

Kwa mkusanyaji, sana. Boksi la awali lenye namba inayofanana na ya silaha linaweza kubadilisha bei. Kwa mnunuzi wa hapa, maana yake ni ndogo, isipokuwa moja: karatasi yenye namba husaidia kuthibitisha kwamba silaha ni ileile. Linganisha namba kila mahali inapoonekana. Silinda yenye namba tofauti na fremu ni ya kuungaunga, na bei inashuka hata kama inafanya kazi.

Namba iliyokwanguliwa ni jambo jingine kabisa. Hapo usiulize thamani, uliza wakili.

Wadogo zangu wanataka thamani ya maandishi kwa ajili ya mirathi. Inapatikana wapi?

Andikeni kwenye orodha ya mali ya marehemu kwamba silaha ipo na inashikiliwa polisi, mtaje namba ya karatasi ya mapokezi. Kisha msimamizi aombe kwa barua ruhusa ya mtu kuikagua hapohapo kituoni. Tathmini nzuri ya maandishi inataja mtengenezaji, modeli, kaliba, namba, hali ya nje, hali ya mitambo kipengele kwa kipengele, na mwisho bei mbili: bei ya kuuza kwa mnunuzi mwenye kibali hapa nchini, na maelezo kama ina thamani ya kihistoria. Anayekupa bei moja ya jumla bila kuishika amekupa maneno.

Nawashauri pia msigombane juu yake. Katika familia nyingi nilizoziona, ada za ufuatiliaji, nauli za kwenda na kurudi wilayani na muda uliopotea vinaikaribia bei yenyewe, hasa kama ni Enfield iliyochoka.

Nina duka la pembejeo Uyole. Ninunue rivolva iliyotumika kwa ulinzi?

Kama kibali chako kinakuruhusu na umekwisha kufundishwa, iliyotumika siyo mbaya. Rivolva ya chuma ya .38 Special iliyotengenezwa na kampuni inayojulikana, ikitunzwa, inadumu kuliko mwenye nayo. Nunua yenye mitambo mizima na uso mbaya, achana na yenye uso mzuri na silinda inayocheza. Mauziano yapitie polisi au muuzaji mwenye leseni, umiliki uhamishwe kwenye kumbukumbu kabla silaha haijabadilisha mkono. Mtu akikuambia "chukua kwanza, karatasi tutamalizana", rudi dukani kwako.

Na usimwachie muuzaji kazi ya kukuonyesha. Leta fundi wako. Muuzaji mwaminifu hachukii.

Sitaki kuuza, sitaki kuimiliki. Nifanyeje?

Isalimishe. Msimamizi wa mirathi anaandika barua kwa OCD kwamba familia haina mwombaji na haihitaji silaha, anaambatanisha nakala ya uteuzi wake wa mahakama na ile karatasi ya mapokezi, na anaomba barua ya kuthibitisha kwamba silaha na risasi zake zimepokelewa kwa kudumu. Risasi zihesabiwe mbele yake na idadi iandikwe. Nakala moja ikae kwenye faili la mirathi, nyingine kwa mwenyekiti wa ukoo. Kama silaha ina alama za Kijerumani au historia inayosomeka kwenye chuma, itajwe ndani ya barua hiyo, na iombwe kwamba makumbusho yafikiriwe kabla haijaingia kwenye orodha ya kuteketezwa.

Tafuta pia kabatini, darini na kwenye magunia. Wazee walikuwa na tabia ya kuweka bastola mahali pamoja na risasi mahali pengine.